Mwaka wa Mashine Tano

Nilitoka Maringo asubuhi moja nikiwa nimevaa mashati mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu sikuwa na begi la kutia lile la pili. Sikuwa na mpango. Jamaa aliyekuwa akinilaza kwake alikuwa ameoa, na ingawa hakuna aliyenifukuza, mke wake alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi, "Leo utarudi?" kwa sauti ya upole iliyonichosha kuliko matusi. Nikashika Barabara ya Jogoo, nikachagua upande wenye jua, nikatembea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimeuza mayai ya kuchemsha, nimebeba mawe, nimekaa miezi kadhaa kwa fundi wa redio mpaka akachoka na maswali yangu. Kitu kimoja tu hakikuniisha: kutaka kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi huko ndani. Nikiona mlango uko wazi, nachungulia. Kabla ya kufika Makadara nikaona lango limeachwa wazi, na ndani yake wanaume kama arobaini wameketi chini ya mabati, kila mmoja ameshika twiga wa mbao kati ya magoti. Nikachungulia.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Mueni kwao Kangundo. Nilisimama nyuma ya umati karibu na Njoroge, ambaye siku hizi ana mvi na fimbo, na wakati mchungaji akisoma, Njoroge akaniinamia sikioni. "Ile daftari yake bado inafanya kazi," alinong'ona. "Walinipigia mwaka jana niihamishe tena. Bado inauliza nambari." Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka kazini, na kazi yangu, ambayo nimeifanya miaka mingi katika ofisi za kila aina, ni ileile tuliyoianza mimi na Njoroge katika kile chumba cha wachongaji: kuwaendea wakubwa wenye chumba kilichojaa kompyuta na kuwaeleza kwamba hawazihitaji zote. Nawaeleza juu ya stima watakayookoa, juu ya joto litakalopungua, juu ya nafasi. Wanatikisa vichwa. Nimechoka kuieleza, ingawa ni kweli tupu. Na kila mara, kabla ya kufungua begi la vifaa, huuliza swali moja ambalo huwashangaza: hapa analala nani?

Nilichokiona siku ile ya kwanza, nyuma ya wachongaji, kilikuwa safu ya viatu mbele ya mlango. Nikadhani ni mahali pa sala. Akatoka mwanamke wa makamo, mnene kiasi, soksi miguuni, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa Mama Mueni, karani wa chama chao cha ushirika. "Unatafuta nani?" akauliza. Nikasema sitafuti mtu, naangalia tu. "Kuangalia si kosa. Vua viatu, basi." Ndani kulikuwa na kompyuta tano juu ya meza tano, na meza zenyewe zilichongwa na wanachama, miguu ya ndovu, mikonga imeinuliwa. Kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kwa sindano, rangi yake tofauti na ya jirani yake. Viatu vilivuliwa kwa ajili ya vumbi. Kwenye karakana ya mbao vumbi ni kama hewa. Liliingia chini ya mlango, likaingia kwenye chai, likaingia ndani ya mashine na kuzikaba. Mama Mueni akaona jinsi nilivyoinama kuchungulia nyuma ya moja, mahali feni inapozunguka. Hakuniuliza cheti. Akanipa pampu ya baiskeli. "Puliza," alisema. "Usiguse kitu. Puliza tu." Nilipuliza mashine zote tano, nikapiga chafya mpaka machozi yakatoka, na jioni akanionyesha kijichumba cha nyuma chenye godoro juu ya makreti ya kufungia mizigo. Mashine tano zilihitaji mtu wa kulala nazo, maana wezi wa mtaa walikuwa wameanza kuzijua thamani. Ndivyo nilivyopata kazi na kitanda kwa neno moja, na sikuwahi kuvitenganisha viwili hivyo kichwani.

Kwa nini tano? Nililiuliza hilo wiki ya kwanza, tukila. Mchana chakula kililetwa kwa sufuria moja kubwa, mara nyingi muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa na maharagwe, na ofisi ilikula pamoja na wachongaji, sahani mapajani. Njoroge alikuja kila Alhamisi kuangalia mashine. Wakati huo alikuwa kijana mrefu wa Dandora mwenye bisibisi mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. "Nyinyi Wakamba," alisema siku hiyo akigeuza kijiko, "mahindi imewakosea nini mpaka mnaivua koti?" Mama Mueni hakuinua macho. "Nyinyi mnaila na koti lake, ndiyo maana matumbo yenu yanahutubia mkutanoni." Wachongaji wakacheka mpaka Mzee Kilonzo, mwenyekiti, akaweka sahani chini. Ni yeye aliyenijibu. Zamani, alisema, walikuwa na mashine mbili, na kazi zote zilichanganywa humo. Kisha mtu akaleta diski yenye ugonjwa wa kompyuta, ukaingia kupitia barua, ukala oda za wateja wa ng'ambo. Wanachama walikasirika wakapitisha azimio kwa kunyoosha mikono: kila kazi na mashine yake. "Kama wake," alisema Mzee Kilonzo, aliyekuwa na wawili. "Kila mke na jiko lake. Ukiwaweka jiko moja, utakula vita." Basi kila mfadhili aliyepita akaombwa mashine nyingine. Moja ya barua, moja ya oda, moja ya stoo, moja ya kupiga chapa vibandiko, na ya tano, iliyokuwa kongwe kuliko zote, ya daftari la wanachama.

Nilikaa nazo mchana na jioni, kwa hiyo nilijua tabia zao. Mashine ya barua iliandika barua mbili asubuhi kisha ikakaa imewaka mpaka jioni bila kufanya lolote, ikila stima na kutoa joto. Ya vibandiko ilifanya kazi siku mbili kwa mwezi. Zote zikiwaka pamoja, chumba kilichemka mpaka Mama Mueni akapepea uso kwa faili. Siku hizi naambiwa hayo ni maarifa ya kitaalamu, kwamba mashine nyingi ofisini hukaa bure karibu siku nzima. Mimi niliyajua kwa jasho la mgongo wangu. Lakini wakati ule sikuyaona kama hasara. Mashine tano zilizokaa bure zilikuwa sababu tano za mimi kuwa na mahali pa kulala.

Ya daftari ndiyo iliyoogopwa na kupendwa. Kila mchongaji alikuwa na nambari yake, ameichonga chini ya kwato za kila twiga na kila kifaru, na daftari ndilo lililojua nambari ni ya nani, zamu yake ya oda ni lini, na akifa inakwenda kwa nani. Mjane aliweza kuja na nambari ya marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akapiga msasa na kupaka rangi, na zamu yake ikaheshimiwa. Programu ilitungwa na kijana mmoja wa chuo aliyekuwa ameshafariki. Ukiiwasha, skrini nyeusi, herufi za kijani, inauliza swali moja: NAMBARI YA MCHONGAJI? Mama Mueni alizijua nyingi kwa moyo lakini aliuliza mashine hata hivyo, kwa adabu. Njoroge alikuwa amejaribu kuiweka programu ile kwenye mashine mpya mara mbili. Ilikataa. Iliijua mashine yake kongwe tu.

Twiga waliosafirishwa walifungwa kwa magazeti, na pamoja na magazeti yetu kulikuwa na magunia ya majarida ya kigeni yaliyotupwa na maofisi ya mjini. Hayo yalikuwa shule yangu. Niliyachagua kabla hayajafungia shingo ya twiga, nikayasoma juu ya godoro kwa kamusi iliyokosa jalada. Ndimo nilimokuta, miezi michache baada ya kufika, makala ya kurasa mbili kuhusu programu inayoifanya kompyuta moja ijigawe iwe kama kadhaa, kila moja ikiamini iko peke yake, na hata mfumo wa kizamani ungeweza kuishi ndani yake bila kujua kwamba mwili wake wa chuma umebadilika. Niliisoma mara nne. Alhamisi ikaja nikamwonyesha Njoroge.

"Wafu," alisema (aliniita Wafu, Wafula ilimchosha), "hii umeitoa wapi, kwa tumbo ya twiga?" Lakini aliisoma akiwa amesimama, akasahau chai. Wiki iliyofuata akaniambia amepata sidii ya programu hiyo kwa rafiki mjini. Akanieleza kwa mfano wa kwao. "Ni kama ploti ya Dandora. Ploti moja, milango nane. Kila mtu huko ndani anajiona mwenye nyumba. Bomba ni moja, mita ni moja. Sasa wa mlango wa tatu akiunguza maharagwe, wa nne hanusi."

"Ananusa," nilisema.

"Kwa ploti ananusa. Kwa kompyuta hanusi. Ndiyo maana kompyuta ni poa." Kisha akakunja kurasa, akanirudishia, na uso wake ukabadilika. "Lakini Wafu, ujue. Hizi tano zikikuwa moja, Mama Mueni anaifungia kwa kabati ya chuma anaenda nyumbani. Hakuna haja ya mtu kulala hapa. Mimi sitasema kitu. Hii ni yako, ukisema tutafanya."

Nikaziweka zile kurasa chini ya godoro. Hapo zilikaa mvua zote za masika na baridi yote iliyofuata. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa napima mambo, kwamba nilingoja wakati mwafaka. Sikungoja lolote. Nilikuwa nimelala sakafuni kwa watu wa kutosha, na usiku, nikisikia vumbi la mbao likitua juu ya vile vitambaa, nilijiambia kwamba mashine kongwe imezeeka kwa amani na itaendelea hivyo. Kila mtu wakati huo alikuwa akisema kompyuta zote duniani zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia. Nikaona basi, kama zitakufa zote, ukimya wangu ni dhambi ndogo.

Kilichotokea hakikungoja mwaka elfu mbili. Wageni walitarajiwa, wanunuzi wa kutoka mbali, na chama kizima kikaingia katika usafi. Twiga walipigwa msasa upya, njia ikamwagiwa maji. Mzee Kilonzo akaingia chumba cha mashine peke yake jioni, viatu amevivua mlangoni, wakati Mama Mueni amekwenda kutafuta maua nami nimetumwa maziwa. Aliwapenda wageni na aliipenda mashine ya daftari, ambamo nambari yake, ya kwanza kabisa, ilikuwamo. Akaitazama jinsi ilivyofifia. Akafanya ambacho mchongaji hufanya. Aliipaka rangi ya viatu ya kahawia, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa kama mpingo. Na akaona ubavuni na mgongoni ina nyufa ndefu zilizopangana, na katika kazi yao ufa hauachwi. Hufungwa kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao, unabonyezwa kwa kidole gumba, unapigwa msasa, hauonekani tena. Akaziba matundu yote ya hewa. Alifanya kazi safi. Asubuhi mimi mwenyewe niliiona inang'aa, nikaisifu, nikaiwasha.

Wageni walifika saa nne. Saa tano harufu ya nta ilijaa chumbani kama kanisani. Saa sita herufi za kijani zilitetemeka, diski ikatoa sauti ya kijiko kinachokwaruza sufuria, na skrini ikawa nyeusi. Mama Mueni aliketi mbele yake na mikono mapajani. Wachongaji walikuja mmoja mmoja mlangoni, wakavua viatu, wakasimama. Mjane mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa ndiyo inafuata, aliuliza tu, "Sasa mimi ni nani humo?" Mzee Kilonzo alikuja mwisho. Aliinama akaona nta iliyoyeyuka imetiririka juu ya mguu wa ndovu. "Niliona nyufa," alisema. Alirudia tena, kwa Kikamba, kama anayemwambia mtu ambaye hakuwapo.

Walianza kusema wataandika barua kwa wafadhili, waombe mashine nyingine. Nilijua, kama alivyojua Mama Mueni, kwamba mashine nyingine haingelisoma daftari. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hapo, barua itaandikwa, miezi itapita, na mimi nitaendelea kupuliza vumbi na kulala. Nilitazama viatu vya yule mjane pale mlangoni, kandambili zenye kamba iliyoshonwa kwa waya. Nikaenda nyuma, nikainua godoro.

Njoroge aliitwa siku hiyohiyo ingawa haikuwa Alhamisi. Aliikwangua nta kwa patasi ya kukopa, akaitoa diski, akaiacha ipoe juu ya kigae mpaka kesho yake. Kisha akafungua mashine ya oda, iliyokuwa mpya kuliko zote, akaiongezea vipande vya kumbukumbu kutoka kwa dada zake, vile vilivyokubali kuingia, akaifunga diski ya kale ubavuni mwake, akaitia ile programu ya sidii. Tulinakili yote yaliyobebwa na ile diski ikawa faili moja. Ilichukua tangu chai ya asubuhi mpaka jua limegeukia dirisha la pili, na mara tatu diski ilikwaruza na mara tatu Mama Mueni akashika meza. Stima ingepotea tungekuwa tumekwisha. Haikupotea. Njoroge akabonyeza. Katikati ya skrini yenye rangi pakafunguka dirisha dogo jeusi, na ndani yake, polepole kama mtu anayeamka, herufi za kijani: NAMBARI YA MCHONGAJI?

Mama Mueni alivuta kiti. Aliandika nambari ya marehemu mume wa yule mjane. Jina lake likaja, na chini yake jina la mkewe. "Uko hapa," alimwambia bila kugeuka. "Ni wewe, na zamu ni yako."

Yaliyofuata yalikwenda yenyewe. Kwa majuma kadhaa tulizihamisha kazi nyingine, moja baada ya moja, kila moja katika chumba chake ndani ya mashine ileile, na Mzee Kilonzo alifurahi kusikia kwamba kila mke bado ana jiko lake ingawa nyumba ni moja. Joto likaisha. Betri moja iliweza kutuvusha stima ikipotea, pale ambapo zamani tungehitaji tano. Tulipotaka kujaribu jambo jipya, tulinakili chumba, tukaharibu nakala, tukaitupa, na daftari halikujua. Na daftari zima, ambalo kwa miaka lilikuwa limefungwa katika mwili mmoja wa chuma, sasa lilikuwa kitu unachoweza kubeba. Mama Mueni alihifadhi nakala nyumbani kwake ndani ya kopo la nyuzi. Nimewaambia wakubwa wengi faida hizi. Sijapata kuzieleza vizuri kuliko kopo lile.

Mkutano wa wanachama ulifanyika chini ya mabati. Walikubaliana chumba kiwe cha maonyesho, meza za ndovu zibebe twiga, na mashine iliyobaki ikae kwenye kabati la chuma ofisini. Mtu akauliza, "Na Wafula?" Mzee Kilonzo akasema nifundishwe kuchonga. Nilifundishwa wiki mbili. Kifaru wangu alifanana na kiatu, na patasi ilinichana kidole mara mbili. Hakuna aliyeniambia niondoke, na mimi nilikuwa nimeshawahi kuishi katika upole wa namna hiyo.

Jioni ya mwisho kabla sijahama Mama Mueni alikuja kijichumbani. Alikuwa na zile kurasa mkononi, na mikunjo yake ilikuwa imechakaa mpaka karatasi inapitisha mwanga. "Hizi hazikukunjwa juzi," alisema. "Ulikuwa nazo tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua, Mama."

"Na ulizilalia."

"Nilizilalia. Niliogopa kurudi kulala kwa watu."

Alikaa juu ya kreti. Nje mtu alikuwa bado anapiga msasa, taratibu, kama anayetuliza mtoto. Nilingoja anigombeze, na nadhani nilitaka anigombeze. "Mimi ningeogopa pia," alisema hatimaye. "Lakini ningezilalia mpaka mwisho." Akainuka, akachukua kitambaa cha kufuma kilichokuwa cha mashine ya daftari, kile cha samawati, ambacho bado kilikuwa na doa la nta, akakikunja mara nne akanipa. Njoroge aliniachia kwenye karatasi jina la mwenye ploti mmoja jirani na kwao.

Nilifika Dandora kesho yake mchana, safari hii nina begi, nikauliza mara mbili nikaelekezwa mara tatu. Mwenye ploti alikuwa mama mzima wa Kikuyu, kilemba kichwani, ameshika funguo zilizofungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Alinitembeza uani akionyesha kwa kidevu. "Milango nane," alisema. "Mita ni moja, kwa hivyo pasi ya stima hapana. Bomba ni hiyo. Choo ni hiyo. Maji ikiisha, imeishia kila mtu." Nikacheka. "Unacheka nini, kijana?"

"Hakuna, mama. Wangu ni upi?"

"Wa saba."

Akafungua. Nikainama mlangoni, nikavua viatu, nikavipanga ukutani vikitazama nje, kama tulivyofanya mwaka mzima. Alinitazama kana kwamba labda amekosea kunipa ufunguo. "Sasa unavua viatu ya nini? Huko ndani ni simiti tupu."

"Najua, mama," nilisema.

Alipokwenda nilitandika kile kitambaa pembeni, chini, maana hapakuwa na kitu cha kufunika. Nikaketi karibu nacho. Kutoka mlango wa sita ilikuja harufu ya maharagwe yanayoanza kuungua, kisha kijiko kikikwaruza sufuria kwa haraka, kisha ukuta ukagongwa mara moja.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Jirani," nikasema.